Jinsi ya kuchambua hisia na uhalisi katika picha ya mtu ya dokumentari: mwongozo kamili

Wanaojaribu kuchambua picha ya mtu ya dokumentari, yaani ile inayodai kuonyesha mtu wa kweli katika maisha yake halisi, karibu wote hukwama mahali pamoja. Wanautazama uso kwa sekunde chache, wanaandika kwamba macho "yamejaa huzuni", kisha wanahamia kumsifu mpiga picha. Ukiwauliza huzuni hiyo wameiona kwenye kope, kwenye midomo au kwenye maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, wanababaika. Kwa upande wa uhalisi mambo ni yaleyale: linaulizwa swali moja tu, kama mtu alipangwa au hakupangwa, na likishajibiwa uchambuzi unafungwa.

Mwongozo huu unashika kanuni moja. Andika kwanza jicho limeona nini, ndipo uandike unadhani mtu yule alihisi nini, ndipo utafute ushahidi nje ya picha. Ukivuruga mpangilio huo utaishia kueleza hisia zako mwenyewe ukidhani ni za yule aliyepigwa picha.

## Vitu vya kuandaa

- Nakala kubwa ya picha, ambayo haijakatwa. Nakala zinazozunguka kwenye mitandao ya kijamii zimebanwa, na mara nyingi kingo zake zimepunguzwa. Tafuta yenye upana wa pikseli 2000 au zaidi, kutoka kwa mpiga picha mwenyewe, makumbusho au maktaba.
- Maelezo ya awali ya picha, yale yaliyoandikwa ilipotoka mara ya kwanza. Yaweke kando, usiyasome bado.
- Fremu nyingine za kikao hichohicho, yaani picha nyingine zilizopigwa wakati uleule, kama zipo.
- Daftari lenye safu mbili. Safu ya kushoto iite "Naona", ya kulia "Nadhani".
- Kipande cha karatasi nyeupe cha kufunikia sehemu za picha.
- Muda wa saa moja na nusu hivi bila kukatizwa.

Kwa mfano wa kufanyia mazoezi nitatumia picha ambayo mpiga picha wa Marekani Dorothea Lange aliipiga Machi 1936 huko Nipomo, California: mama aliyezungukwa na watoto wake ndani ya hema. Inajulikana kwa jina la "Migrant Mother". Nimeichagua kwa sababu Maktaba ya Bunge la Marekani inaitoa bure ikiwa katika ukubwa mzuri, pamoja na fremu nyingine za siku ile, na kwa sababu karibu kila hatua iliyo hapa chini inaweza kujaribiwa juu yake.

## Hatua ya 1: Ziba maneno, tazama kwa dakika tano

Funika kichwa cha habari, mwaka, jina la mpiga picha na maelezo. Kwa dakika mbili za kwanza usiandike kitu. Acha macho yatembee yenyewe, kisha zingatia ni wapi yanarudi mara kwa mara. Hapo ndipo mpiga picha alipoweka uzito, kwa mwanga, kwa fokasi au kwa mistari inayoelekea hapo.

Sababu ya kuziba maneno ni nzito. Mwongozaji wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, anasifika kwa jaribio alilofanya mwanzoni mwa karne ya 20. Alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, usio na hisia ya wazi, akaunganisha na sahani ya supu, kisha na jeneza lenye mtoto, kisha na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, majonzi na tamaa, wakamsifu mwigizaji kwa ustadi wake. Uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Maelezo ya picha yana nguvu hiyohiyo: andika "mjane" chini ya uso wowote uliotulia, na msomaji ataona msiba.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja sehemu mbili au tatu ambazo jicho lako lilirudi, hata kama bado hujui ni kwa nini.

## Hatua ya 2: Jaza safu ya "Naona", bila neno lolote la hisia

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayobeba uchambuzi mzima. Nenda kwa utaratibu kutoka juu kwenda chini: paji la uso, nyusi, kope za juu na za chini, mwelekeo wa macho, mashavu, midomo na pembe zake, taya, shingo, mabega, mikono. Baada ya mwili hamia kwenye nguo, vitu vilivyoshikwa, mandharinyuma, halafu kingo nne za fremu, yaani mipaka ya picha.

Kwa picha ya Lange, safu ya kushoto ingesomeka hivi:

Paji la uso lina mikunjo, nyusi zimevutana kuelekea katikati. Macho yako wazi, yanatazama mbali nje ya fremu, hayaiangalii lenzi. Midomo imefungwa, pembe zake zimeshuka kidogo. Mkono wa kulia umeinuliwa, vidole vinagusa shavu karibu na kidevu. Mkono wa sweta umechakaa. Watoto wawili wamemwegemea, mmoja kila bega, nao wamezigeuza nyuso zao, hatuzioni. Mtoto mchanga amelazwa mapajani, amefunikwa. Nyuma ni turubai la hema, hakuna kitu kingine.

Tazama jambo moja katika orodha hiyo. Kati ya watu wanne, uso unaoonekana sawasawa ni mmoja. Watoto hawana uso wa kututuliza wala wa kutuambia lolote, kwa hiyo uzito wote unamwangukia mama. Mtu anayeanza na "mama mwenye huzuni" halioni hilo kabisa, maana tayari ana jibu.

Onyo: jihadhari na maneno yanayojifanya maelezo kumbe ni hukumu. "Macho yaliyochoka", "tabasamu la uongo", "mikono yenye wasiwasi" yote ni ya safu ya kulia. Andika "kope za juu zimeshuka hadi karibu na mboni", "pembe za midomo zimepanda lakini ngozi ya pembeni mwa macho haina mikunjo", "kidole gumba kimefichwa ndani ya ngumi".

Mpe mtu orodha yako bila picha. Akiweza kuchora mchoro hafifu wa mkao ule, orodha imetosha.

## Hatua ya 3: Toa tafsiri tatu za hisia, si moja

Sasa hamia safu ya "Nadhani". Sharti ni hili: kila tafsiri itegemee angalau sehemu mbili za mwili zinazokubaliana, na kila uso upewe tafsiri zisizopungua tatu kabla hujachagua.

Chukua karatasi ufunike nusu ya juu ya uso. Midomo na taya vinasema nini peke yake? Funika nusu ya chini. Macho yanakubaliana na midomo? Hisia nzito mara nyingi hujitokeza mahali ambapo nusu hizi mbili zinapingana: mdomo unaocheka chini ya paji lililokunjamana, au uso mtulivu kabisa wenye shingo iliyokaza mishipa.

Daktari Mfaransa Duchenne de Boulogne alichapisha mwaka 1862 kazi yake juu ya misuli ya uso, akaonyesha kwamba tabasamu la furaha hukaza pia msuli unaolizunguka jicho, si ule unaovuta midomo peke yake. Kipimo hicho kinafaa, ila usikitumie kama mashine ya kugundua uongo. Watu wengi wanaweza kuukaza msuli huo kwa makusudi. Na mwaka 2019 kundi la wanasayansi, Lisa Feldman Barrett akiwa mmojawao, lilichapisha mapitio mapana ya tafiti za nyuso na hisia. Hitimisho lao ni kwamba mwonekano wa uso peke yake hautoshi kutambua hisia ya mtu. Mtu mwenye hasira mara nyingi hakunji uso, na mtu aliyekunja uso huenda anafikiri tu.

Kwa hiyo jiulize ni mambo gani mengine yangeweza kuufanya uso ule uwe vile:

- Jua linampiga machoni?
- Amechoka, anaumwa, anasikiliza mtu aliye nje ya fremu?
- Anasimama mbele ya kamera kwa heshima? Kwa watu wengi, kutotabasamu pichani ni adabu na hadhi, wala si huzuni.
- Anamchukia aliyeshika kamera, au anamwogopa?

Swali hilo la mwisho husahaulika mno. Mpiga picha Steve McCurry alimpiga picha Sharbat Gula, msichana mkimbizi kutoka Afghanistan, mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, karibu na Peshawar nchini Pakistan. Picha ilipotoka kwenye jalada la jarida la National Geographic la Juni 1985, dunia ilisoma machoni mwake hofu ya vita vya Afghanistan. Alipopatikana tena mwaka 2002, alichokumbuka ni hasira. Aliyekuwa akimpiga picha alikuwa mgeni, naye alikuwa hajawahi kupigwa picha. Wasomaji walikuwa wameisoma vita, na kumbe sehemu kubwa ya kilichokuwa pale ni msichana asiyependa kinachotendeka mbele yake wakati uleule.

Hatua imekamilika ukiwa na tafsiri tatu ambazo zote unaweza kuzitetea kwa kunyooshea kidole sehemu ya picha. Ikiwa moja tu ndiyo inayokujia, bado unahisi badala ya kuchambua. Rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Ondoa mchango wa kamera

Sehemu ya kile unachokiita hisia ya mhusika imetengenezwa na mpiga picha. Itafute, uipe jina lake, kisha uone kilichobaki usoni.

Usawa wa kamera. Kamera iliyowekwa chini ya macho humpandisha mhusika, aonekane ana hadhi au anatisha. Iliyo juu humfanya mnyonge, na picha nyingi za wahanga hupigwa hivyo bila mtu kuhoji.

Umbali. Uso uliopigwa kamera ikiwa karibu sana, chini ya nusu mita, hutanuka katikati: pua hukua, masikio hurudi nyuma, na mtu huonekana kama anakusogelea kwa fujo. Uso uliopigwa kutoka mita mbili au zaidi hutulia.

Mwanga. Kuza picha mpaka uione mboni. Kuna nukta au umbo jeupe linalong'aa ndani ya jicho, nalo ni taswira ya chanzo cha mwanga. Mstatili wenye mistari katikati ni dirisha. Duara kamili kama pete ni taa ya studio. Nukta kali katikati ya mboni ni flashi iliyo juu ya kamera. Jicho lisilo na nukta yoyote huonekana limekufa, hata kama mwenye jicho alikuwa mchangamfu siku ile; yawezekana alivaa kofia au alisimama chini ya mti. Hapa ndipo wachambuzi wengi huandika "macho yaliyopoteza matumaini", ilhali kilichopotea ni mwanga.

Ukataji. Katika fremu nyingine za Lange, picha inaanzia mbali: hema zima linaonekana, pamoja na binti mkubwa wa mama yule. Katika fremu maarufu binti huyo hayumo. Kadiri Lange alivyosogea ndivyo mahali palivyotoweka na mama akabaki peke yake na watoto wadogo.

Uteuzi wa fremu. Mpiga picha Walker Evans alimpiga picha mwanamke aitwaye Allie Mae Burroughs zaidi ya mara moja mbele ya ukuta uleule wa mbao, Alabama, Marekani, 1936. Ukizilinganisha fremu hizo, midomo na paji la uso vinabadilika kiasi cha kukupa mwanamke mkali katika moja na mwanamke anayekaribia kutabasamu katika nyingine. Zote ni za kweli. Aliyechagua ipi itoke ndiye aliyechagua hisia.

## Hatua ya 5: Jiulize mhusika alikuwa na sauti gani katika picha yake

Je, anajua anapigwa picha? Anaitazama lenzi? Mwili umeelekea kamera au umekwepa? Mikono imewekwa au imejiweka? Nguo ni za kazini au ni zile za kutokea?

Usikimbilie kusema kwamba kujipanga kunaondoa ukweli. Mpiga picha Seydou Keïta aliendesha studio yake Bamako, Mali, kati ya 1948 na 1962, na watu waliofika kwake walichagua mikao, mavazi na vitu vya kupigia picha. Hakuna aliyenaswa kwa bahati. Lakini picha zile zinaeleza kwa uaminifu mkubwa namna watu wale walivyotaka kuonekana, jambo ambalo picha ya kuvizia haiwezi kulisema. Kinyume chake, picha ya kuvizia inaweza kudanganya vibaya: sekunde moja ya kupepesa macho ikawasilishwa kama majonzi ya maisha.

Swali lenye maana ni *picha hii inadai nini*, na je, dai hilo linalingana na kilichotokea?

## Hatua ya 6: Pima uhalisi dai kwa dai

Fungua sasa maelezo ya picha. Yagawe katika madai madogomadogo, kila moja lipimwe peke yake. Picha inaweza kuwa ya kweli katika moja na yenye dosari katika jingine, na uchambuzi mzuri husema ni wapi hasa.

1. Faili au nakala. Kuna kilichoongezwa au kuondolewa? Katika picha ya Lange, kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema upande wa chini kulia kilifutwa baadaye kwenye negativu, yaani filamu ya asili inayotumika kuchapishia nakala. Mpiga picha Edward Curtis alikwenda mbali zaidi: katika picha yake ya 1910 ya wanaume wawili wa Piegan, watu wa asili wa Amerika Kaskazini, ndani ya hema lao, saa iliyokuwa kati yao ilifutwa. Kidole gumba hakibadilishi tunachoamini juu ya mama. Saa iliyofutwa inawafanya watu wale waonekane wa zama nyingine. Pima ufutaji kwa kile ulichobadilisha katika maana.

2. Tukio. Je, mtu yule alikuwa akifanya kinachodaiwa, mahali panapodaiwa? Hapa fremu nyingine za kikao ni dhahabu.

3. Maelezo. Lange aliandika baadaye kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari kununua chakula. Familia ilikanusha. Uso ni wa kweli na umaskini ulikuwa wa kweli, lakini habari iliyoubeba uso huo ina kipengele kinachobishaniwa. Yaandike yote mawili.

4. Kuwepo kwa mtu mwenyewe. Swali hili halikuwa la lazima zamani. Leo ni lazima. Mwaka 2023 msanii Boris Eldagsen aliikataa zawadi ya mashindano ya Sony World Photography Awards akieleza kwamba picha yake, inayofanana na picha ya zamani ya wanawake wawili, ilitengenezwa kwa akili mnemba. Tafuta picha kwa njia ya utafutaji wa picha mtandaoni ujue ilianza kuonekana lini na wapi. Soma taarifa zilizofichwa ndani ya faili: tarehe, kamera, lenzi. Linganisha nukta za mwanga katika macho mawili, hereni, meno, vidole.

Onyo: dalili za macho hupitwa na wakati haraka, kwa sababu programu za kutengeneza picha zinaboreshwa kila mara. Na taarifa za ndani ya faili zinaweza kufutwa au kubadilishwa, tena mitandao mingi ya kijamii huzifuta yenyewe. Kinachodumu ni mnyororo wa umiliki: nani alipiga, nani aliihifadhi, nani aliitoa kwanza. Mashindano ya World Press Photo huwataka wapiga picha wanaofika hatua za mwisho watoe faili za asili zilizotoka kwenye kamera, kwa sababu hiyohiyo.

Hapa umefaulu ukiwa na jedwali fupi: dai, ushahidi, kiwango cha uhakika. "Haijulikani" ni jibu halali kwenye jedwali hilo.

## Hatua ya 7: Mtafute mhusika

Kabla ya kuhitimisha, tafuta kama aliyepigwa picha aliwahi kusema lolote. Mahojiano, barua kwa gazeti, kauli ya watoto wake. Hatua hii huweza kupindua zote zilizotangulia, na bado wengi hawaifanyi kwa kuwa picha imeshawaridhisha.

Mama wa Nipomo hakutajwa jina kwa zaidi ya miaka 40. Lange mwenyewe alieleza mwaka 1960 kwamba hakumuuliza jina. Mwaka 1978 mama huyo, Florence Owens Thompson, alijitokeza gazetini, akasema anatamani asingepigwa picha ile, kwamba haikumnufaisha kwa chochote. Alikuwa wa asili ya Cherokee, mojawapo ya jamii za watu wa asili wa Marekani, jambo ambalo waliomfanya nembo ya mkulima mzungu aliyefilisika hawakulijua. Binti yake mmoja alisimulia baadaye kwamba picha iliwatia aibu, na kwamba mama yao alikuwa mwanamke imara.

Hayo hayafuti wasiwasi tuliouona kwenye paji la uso. Yanakulazimisha uandike kwamba wasiwasi ule ulikuwa wa saa fulani ya siku fulani, na kwamba kuugeuza kuwa sura ya maisha yake yote ilikuwa kazi yetu sisi watazamaji.

## Hatua ya 8: Andika hukumu yako

Aya tatu au nne zinatosha. Anza na unachokiona, fuata na tafsiri uliyoichagua na sababu ya kuziacha zile mbili, kisha mchango wa kamera, kisha uhalisi. Huu hapa ni mfano dhaifu:

> Picha inaonyesha huzuni kubwa ya mama maskini. Macho yake yanasema mengi. Ni picha halisi inayogusa moyo.

Na huu ni mfano unaosimama:

> Nyusi zilizovutana, macho yanayotazama nje ya fremu na vidole vilivyogusa shavu vinaelekea kwenye wasiwasi wa mtu anayewaza la kufanya, kuliko kwenye huzuni. Hakuna dalili ya kilio, na mgongo haujainama. Watoto waliogeuza nyuso wanaufanya wasiwasi huo uwe wake peke yake, na ukaribu wa kamera umeondoa hema na binti mkubwa ambao wangetuonyesha familia pana zaidi. Mtu, mahali na shida vimethibitishwa. Habari ya matairi inabishaniwa, na mhusika hakuwa na usemi juu ya jinsi uso wake ulivyotumika.

Kabla ya kuichapisha kazi yako, pitia kila sentensi inayotaja hisia na uandike pembeni mwake namba ya mstari wa safu ya "Naona" unaoibeba. Sentensi isiyo na namba ifute. Na kama mhusika yu hai na si mtu maarufu, usimpachike ugonjwa wa akili, kiwewe wala ulevi kwa kuangalia uso wake tu, hata kama maelezo ya picha yanakusukuma huko. Andika mkao na mwanga, na uishie hapo.